Shoti ya Umeme: Fyuzi Hulinda Nyumba, Haimlindi Mtu

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii malaria wala kuhara. Unazungumzia umeme wa nyumbani. Pengine utauliza: muuguzi na umeme wapi na wapi? Fundi ndiye anayeitwa waya unapoharibika, lakini mtu aliyeushika waya huo huletwa kwetu hospitalini. Wengine hufika na vidonda vya moto vinavyochukua miezi kupona, na wengine hufika wakati hakuna tena la kufanya. Ni afadhali tuzungumze mapema kabla hatujakutana wodini.

Zamani, katika vijiji vingi vya Nachingwea na Ruangwa, nyumba ikiungua watu waliuliza habari za kibatari, mshumaa au jiko la kuni. Umeme ulikuwa kitu cha mjini. Siku hizi mambo yamebadilika. Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimefika hata kwenye vitongoji ambavyo hatukuvitarajia. Ada ya kuunganishiwa umeme kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000. Fedha za ufuta na korosho zikitoka, familia hununua friji, runinga, pasi na jagi la kuchemshia maji. Hayo ni maendeleo, na sisi hospitalini tunayafurahia, kwa sababu moshi wa kibatari nao huumiza vifua vya watoto.

Lakini ile ada huishia kwenye mita. Nyaya za ndani ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba mwenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapobana matumizi.

Mama mmoja aliyemleta mwanawe aliyenaswa na umeme kwenye friji aliniuliza, "Nesi, mbona fyuzi haikukatika? Fundi alituambia nyumba ina fyuzi, tusiwe na wasiwasi." Mtoto yule alipona. Swali la mama yake ni zuri sana, na linastahili kujibiwa kwa kila familia yenye umeme.

NENO MOJA, MAMBO MAWILI

Sisi tunalitumia neno "shoti" kwa mambo mawili. Tunasema, "Nyumba imeungua kwa shoti." Tena tunasema, "Mtoto amepigwa shoti." Kwa kuwa neno ni moja, tunadhani kinga yake nayo ni moja. Sivyo. Shoti ya kwanza ni ya waya kwa waya, nayo huchoma nyumba. Shoti ya pili ni ya waya kwa mwili wa mtu, nayo huua mtu. Kila moja ina kinga yake.

SHOTI YA WAYA KWA WAYA

Umeme hauendi tu, huenda na kurudi. Huja kwa waya mmoja ambao mafundi huuita laivu, hupita ndani ya taa au pasi na kufanya kazi, kisha hurudi kwa waya mwingine uitwao nyutro. Taa au pasi huuzuia umeme usipite wote kwa mkupuo. Pasi ya wati 1,000, kwa umeme wetu wa volti 230, huruhusu kupita ampea 4 na kidogo tu.

Sasa tuseme waya wa laivu na wa nyutro zimevuliwa gamba lake la plastiki na kugusana kabla ya kufika kwenye pasi. Umeme umepata njia ya mkato. Hakuna cha kuuzuia, kwa hiyo badala ya ampea 4 zinaweza kupita mamia ya ampea kwa mara moja. Waya hupata moto mkali, plastiki huyeyuka, cheche huruka. Kama waya huo umelala juu ya mbao kavu za dari, mianzi au makuti, moto huanza huko juu, mahali ambapo hakuna anayeuona mpaka umeshika paa.

Mambo yanayoleta shoti ya namna hii katika nyumba zetu ni haya:

1. Panya wanaotafuna gamba la nyaya darini, hasa nyumba inapokuwa na magunia ya mahindi au karanga.
2. Paa linalovuja wakati wa mvua, maji yakachuruzika hadi kwenye soketi, swichi au kishikilia taa.
3. Nyaya zilizoungwa kwa kusokotwa tu na kufungwa kwa mfuko wa plastiki.
4. Waya uliopitishwa chini ya mkeka au kubanwa na mlango, ukakanyagwa mpaka gamba likachanika.
5. Nyaya nyembamba kuliko kazi yake. Kwa kawaida soketi huhitaji waya wa milimita 2.5 za mraba, na taa 1.5. Ukitumia waya wa taa kwenye soketi ya jagi la maji, waya huchemka kidogo kidogo na gamba lake hukauka na kupasuka.

KAZI YA FYUZI

Kinga ya shoti hii ni fyuzi au sakiti breka. Fyuzi ni kipande cha waya mwembamba kilichowekwa makusudi kiwe dhaifu kuliko nyaya nyingine zote. Umeme ukizidi, chenyewe huyeyuka kwanza na kuukata umeme kabla nyaya za darini hazijaungua. Sakiti breka hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe hairuki na kuharibika. Huanguka chini, na hitilafu ikisharekebishwa huinuliwa tena.

Kwa hiyo fyuzi ikikatika, imekutumikia. Imekuambia kuna ubaya mahali fulani. Mtu anayeondoa fyuzi iliyokatika na kuweka msumari, waya wa kawaida au karatasi ya fedha ya sigara, amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi. Siku shoti nyingine itakapotokea, msumari hautakatika. Kitakachoungua ni nyumba. Vivyo hivyo breka inayoanguka kila mara haipaswi kushikiliwa kwa kamba au kubadilishwa kwa kubwa zaidi. Itafutwe sababu.

Jambo moja zaidi. Plagi iliyolegea kwenye soketi huleta cheche na joto bila fyuzi kukatika, kwa sababu umeme unaopita bado ni wa kiasi. Ukiona soketi imegeuka rangi ya kahawia, ukisikia inalia kama mafuta yanayokaanga, au ukinusa plastiki inayoungua, zima meni swichi na uite fundi. Usingoje fyuzi ikuambie.

SHOTI YA WAYA KWA MWILI

Sasa tumjibu yule mama. Umeme hupenda kufika ardhini. Mtu aliyesimama pekupeku sakafuni akigusa waya wa laivu, mwili wake unakuwa njia. Umeme huingia mkononi, hupita kifuani na kutokea miguuni.

Ampea moja ni sawa na miliampea 1,000. Tuitumie miliampea, kwa sababu mwili wa binadamu ni dhaifu. Miliampea 1 mtu huisikia kama msisimko. Zikizidi 10 hivi, misuli ya mkono hujikunja na mtu hawezi kuachia alichoshika. Ndiyo maana tunasema "amenaswa". Zikifika 30, kupumua huwa kwa shida. Zikifika kati ya 50 na 100 na kupita kifuani, moyo unaweza kuacha kupiga kwa mpangilio na kubaki ukitetemeka tu. Moyo unaotetemeka hausukumi damu, na mtu hufa kwa dakika chache.

Linganisha na fyuzi. Fyuzi ya kawaida ya plagi ni ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Hata taa ndogo ya wati 9 hutumia karibu miliampea 40. Umeme unaotosha kumuua mtoto ni sawa na wa taa moja au mbili ndogo. Fyuzi inauona kama taa imewashwa, basi. Haikatiki. Haikutengenezwa kwa ajili ya mtu, bali kwa ajili ya nyaya.

Na mwili uliolowa ni hatari zaidi, kwa sababu ngozi yenye maji au jasho hairudishi nyuma umeme kama ngozi kavu. Mama anayetoka kufua na kushika swichi kwa mkono wenye povu, au kijana anayetoka kuoga akachomeka simu, wote wamejiweka pabaya.

KINGA YA MTU

Kinga ya kwanza ni waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Waya huu, wenye rangi ya kijani na njano, hufungwa kwenye mwili wa chuma wa friji, pasi au jiko, na huishia kwenye fimbo ya chuma au shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba. Waya wa laivu ukigusa bati la friji, umeme hupita kwenye ethi na kwenda zake, badala ya kumngojea mtoto aje kufungua mlango. Plagi ya pini tatu ipo kwa sababu hiyo, na ile pini ndefu ndiyo ya ethi. Anayeikata au kuingiza waya mitupu kwenye soketi kwa njiti ya kiberiti ameitupa kinga hiyo.

Lakini hapa kwetu kuna shida ya pekee. Baada ya mvua kwisha, ardhi ya Nachingwea na Ruangwa hukauka kwa miezi mingi, na ardhi kavu haipokei umeme vizuri. Inaweza kupokea ampea 4 au 5 tu. Breka ya ampea 32 haitaanguka kwa kiasi hicho, na bati la friji litaendelea kuwa na umeme usiku na mchana. Kwa hiyo fimbo ya ethi ichimbiwe kwa kina cha kutosha, fundi aipime kwa kipimo chake, na isiishie kuwa kipande kifupi cha nondo kilichopigwa nyundo mara tatu.

Kinga ya pili, na iliyo bora kwa mtu, ni breka ya uvujaji, ambayo mafundi huiita RCD. Kifaa hiki kilianza kutengenezwa kwa ajili ya kuwalinda watu kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini katika miaka ya 1950. Chenyewe hulinganisha umeme unaotoka na umeme unaorudi. Kama zimetoka miliampea 500 na zimerudi 470, kinajua kwamba 30 zimepotelea mahali, pengine mwilini mwa mtu, na hukata umeme kwa muda mfupi kuliko theluthi moja ya sekunde. Kwa nyumbani, nunua ile iliyoandikwa 30 mA. Ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kibonyeze walau kila baada ya miezi mitatu wakati umeme upo. Isipoanguka, imekufa, ibadilishwe.

Hata hivyo, RCD haimwokoi mtu aliyeshika laivu kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono mwingine, kwa maana umeme wote unarudi na chenyewe hakioni kilichopotea. Kwa hiyo uangalifu unabaki palepale.

Na mita ya LUKU? Kazi yake ni kupima na kuuza umeme. Usiitegemee kumlinda mtu. Tena umeme wa LUKU ukiisha, usifungue soketi kwa kudhani pako salama. Mwenzako akiingiza namba za luku akiwa chumba kingine, wewe utakuwa umeshika waya.

KAGUA NYUMBA YAKO

Wazazi, tengeni nusu saa siku moja ya mapumziko mkague pamoja na vijana wenu:

1. Meni swichi iko wapi, na je, kila mtu mzima anajua kuizima gizani?
2. Fyuzi ni za kweli au kuna waya na misumari?
3. Kuna RCD? Kitufe chake kinafanya kazi?
4. Waya wa ethi umefungwa imara kwenye fimbo yake, au umekatika na kuibwa?
5. Soketi zote zimeshikwa vizuri ukutani, mbali na maji na mikono ya watoto wadogo?
6. Ekstensheni moja imebebeshwa pasi, jagi na friji kwa pamoja? Vitu vya joto kila kimoja kitumie soketi yake ukutani.
7. Simu inachajiwa chini ya mto au juu ya godoro? Iwekwe mezani, na chaja iliyopasuka itupwe.

Wenye kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, wasivute nyaya kutoka humo kwenda vyumba vingine au kwa jirani. Kifaa hicho ni cha taa na matumizi madogo ya mahali kilipofungwa. Nao wanaotumia sola wasijidanganye kwamba volti 12 hazina shoti. Haziwezi kumnasa mtu kwa kawaida, lakini spana ikiangukia vichwa viwili vya betri, cheche na joto lake huunguza vidole, na betri yaweza kupasuka na kumwagia mtu tindikali usoni.

Fundi wa kutandaza nyaya awe na leseni ya EWURA. Si utovu wa adabu kumwomba aionyeshe. Fundi wa bei rahisi asiye na leseni atalipwa mara moja, lakini familia italala chini ya kazi yake kila usiku.

Nje ya nyumba, kumbuka kwamba moto wa kuchoma mashamba huunguza nguzo za miti, na upepo wa mvua huangusha nyaya. Waya ulioanguka uchukuliwe kuwa una umeme hata kama hautoi cheche. Kaeni mbali walau mita 10, wazuieni watoto na mifugo, na waiteni TANESCO. Msijaribu kuusogeza kwa fimbo.

MTU AKINASWA NA UMEME

1. Usimguse. Wengi hufa wawili wawili kwa sababu ya huruma. Zima meni swichi kwanza.

2. Kama huwezi kuizima, na ni umeme wa ndani ya nyumba, simama juu ya kitu kikavu kama ubao au kiti cha plastiki, kisha umsukume mtu au waya kwa fimbo kavu au mpini wa ufagio mkavu. Fimbo haifai kabisa kwa nyaya za kwenye nguzo.

3. Akishaachana na umeme, mwite na umtikise bega. Kama haitiki na hapumui, mlaze chali mahali pagumu. Weka kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, ubonyeze kwa nguvu kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtoto tumia mkono mmoja, kina cha theluthi ya kifua. Anayejua kupulizia pumzi apulizie mara mbili kila baada ya kubonyeza mara 30. Asiyejua aendelee kubonyeza bila kuacha, wakipokezana, mpaka apumue au wafike kwa mganga.

4. Palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, umeme ukiwa umekwisha zimwa. Kisha pafunikwe kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai, asali wala unga.

5. Usimfukie mchangani wala kumnywesha maziwa. Mambo haya husemwa sana, lakini mchanga hauondoi umeme, maana haubaki mwilini, na maziwa yanaweza kumpalia aliyezimia.

6. Mleteni hospitali hata kama anasema yuko mzima. Kidonda cha umeme kinaweza kuwa kidogo kama punje ya mahindi mkononi, kumbe misuli ya ndani imeungua hadi begani. Misuli iliyoungua huchafua damu na kuumiza figo. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai nzito, ni hatari. Moyo nao unaweza kwenda ovyo saa kadhaa baadaye. Mama mjamzito asikae nyumbani hata kidogo, kwa ajili ya mtoto aliye tumboni.

7. Mtoto aliyeuma waya huungua pembeni mwa mdomo. Kidonda huonekana kikavu na shwari, lakini gamba lake linapobanduka, kati ya siku ya 5 na ya 14 hivi, mshipa unaweza kutoa damu nyingi. Mzazi abane mdomo pale panapotoka damu kwa kidole na kitambaa safi, ndani na nje, na kumkimbiza hospitali.

NYUMBA IKISHIKA MOTO

Toeni watu kwanza. Kwenye moshi tambaeni, kwa kuwa hewa safi iko chini. Zimeni meni swichi kama inafikika bila hatari. Msimwage maji kwenye moto wa umeme kabla umeme haujazimwa, kwa sababu maji humrudishia umeme aliyeyamwaga. Tumieni mchanga mkavu au kizima moto cha unga. Pigeni simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na mkishatoka msirudi ndani kufuata magunia wala runinga.

Mpenzi msomaji, mwaka huu fedha za mavuno zikipatikana, kabla ya friji nunua kwanza RCD, na umlipe fundi mwenye leseni aifunge na kuipima ethi. Friji hupozesha maji, nayo RCD humlinda mtoto anayekwenda kuyachukua.